Safari Yangu Katika Mbio za Baiskeli

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani, walimu na wanafunzi, siku ya mkutano wetu wa mwaka



Ndugu Katibu aliponiandikia, aliniomba nizungumze juu ya "Michezo na Elimu". Nilimjibu kwamba mada hiyo ni kubwa mno kwa mtu aliyekaa miaka minne kwenye benchi la timu ya mpira ya bweni. Nikamwomba aniruhusu niseme juu ya mchezo mmoja tu ninaoufahamu, yaani mbio za baiskeli za barabarani. Akakubali. Naona leo amekaa karibu na kengele, nadhani ili anikatize nikizidisha.

Nianze kwa kuwaondolea matumaini vijana wanaodhani wameletewa bingwa. Mimi si bingwa. Katika miaka yangu yote ya mashindano nimepanda jukwaani mara tatu, na moja ya mara hizo nilipanda ili kumshikia mshindi baiskeli yake apigwe picha. Nimekuwa mwendeshaji wa ridhaa, mtu wa Jumamosi na Jumapili, ambaye Jumatatu saa moja na nusu anatakiwa awe mezani kwake akisaini majalada. Hata hivyo mchezo huu umenifundisha jambo moja kwa njia mbaya, na hilo ndilo nililokuja kulisema.

Nilizaliwa Mugumu mwaka 1980. Baba yangu alikuwa karani wa chama cha ushirika, naye alikuwa na baiskeli moja aina ya Swala, zile zilizokuwa zikitengenezwa hapa hapa nchini na kiwanda cha NABICO. Wazee waliomo humu wanazikumbuka. Zilikuwa nzito, na ukiipanda mlima ulijua kwamba umebeba chuma. Kama watoto wote wa rika langu nilijifunza kwa kupitisha mguu chini ya bomba, mwili umepinda upande mmoja, maana kiti hatukukifikia. Kabla sijajua kuikalia vizuri nilikuwa tayari napeleka mahindi mashineni na kurudi na unga.

Mwaka 1995 nilichaguliwa kujiunga na shule hii. Mvua zilikuwa zimeharibu barabara na lori tulilolitegemea halikufika. Baba akaamua twende kwa baiskeli. Sanduku langu lilifungwa kwenye keria kwa mpira, baba akakanyaga, na mimi nikawa naketi kwenye bomba tukiteremka na kukimbia kwa miguu nyuma yake tukipanda. Kutoka Mugumu hadi hapa kwa njia ya Nyamongo ni karibu kilomita 90, na mnajua zilivyo. Tulilala kwa jamaa zetu baada ya kuvuka Mto Mara, na siku ya pili jioni tukaingia langoni. Baba aliniacha na shilingi mia mbili, akageuza baiskeli. Sikupata kumwuliza alilala wapi wakati wa kurudi.

Bwenini nilipewa kitanda cha chini. Kitanda cha juu alipewa kijana wa upande wa Nyamwaga. Jina lake sitalitaja. Tulimpa jina la utani ambalo nalo sitalitaja, maana sasa ni mzee wa kanisa. Huyu alikuwa na Phoenix ya marehemu babu yake, aliyoiweka kwa shangazi yake mjini. Kila Jumamosi aliomba ruhusa "kumsalimu shangazi", akaenda Sirari na kurudi akiwa amewabebea wafanyabiashara mizigo yao. Ni kama kilomita 20 kwenda, na hivyo hivyo kurudi, kwa barabara ya kupanda na kushuka. Baadaye nami nikapata baiskeli ya kukodi tukawa tunakwenda wawili. Tulibeba nini? Ndugu Mwenyekiti, mimi ni mtumishi wa umma, naomba swali hilo tuliruke.

Miguu yetu ilitengenezwa na barabara ile. Mji huu wetu uko juu, kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na ziwa liko mita 1,134. Mtu anayetoka daraja la Kirumi kuja Tarime anapanda zaidi ya mita 300, si kwa mlima mmoja bali kidogo kidogo, mpaka anajiuliza kama breki zake zimeshika. Sisi tuliipanda na magunia. Wenzetu wa riadha mkoani kwetu walikuwa na mtu wa kumtazama, Suleiman Nyambui wa Majita, aliyeleta medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Sisi wa baiskeli hatukuwa na mtu. Hata kwenye UMISSETA baiskeli haikuwamo. Tulijitazama wenyewe kwa wenyewe.

Mashindano yetu ya kwanza yalikuwa ya sikukuu ya Sabasaba mwaka 1997, kutoka mjini hadi Sirari na kurudi. Usiku wa kuamkia siku hiyo tulizivua baiskeli kila kitu ambacho hakikuhitajika: madigadi, keria, kava la mnyororo, kengele, hata stendi. Mwenzangu alishinda kwa umbali ambao waamuzi walidhani amekata njia, wakamhoji kwanza kabla ya kumpa zawadi. Alipata tairi mbili na shati. Mimi nilikuwa wa nne nikapata daftari kubwa, nalo nililitumia kwa Jiografia.

Mwezi uliofuata watu walivamia boma la baba yake usiku wakaondoka na ng'ombe wote. Vijana wa kwetu hamhitaji kuelezwa habari hizo. Wanaume walifuata nyayo siku mbili, wakazipoteza mtoni. Ng'ombe wale ndio walikuwa ada, ndio walikuwa daftari, sare na sanduku. Mwenzangu alikuja siku moja kuchukua vitu vyake. Kufuli la sanduku lake akanirushia mimi, akasema kwamba sasa hana cha kufungia. Alikuwa Kidato cha Tatu, na katika hesabu hakuna aliyemzidi darasani mwetu.

Mimi niliendelea. Nilimaliza Kidato cha Nne mwaka 1998, cha Sita mwaka 2001, nikaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Yeye alibaki na Phoenix akibeba abiria na mizigo kati ya Tarime na Sirari.

Huko Dar es Salaam ndiko nilikoona kwa mara ya kwanza baiskeli ya mbio yenyewe, yenye gia na tairi nyembamba kama kidole. Baiskeli ya kubebea mizigo haipungui kilo 20, lakini hizi za mashindano makubwa siku hizi ni nyepesi hata Shirikisho la Dunia limeweka sheria kwamba isipungue kilo 6.8. Mwanafunzi mwenzangu alikuwa nayo moja ya zamani, na Jumapili alinipeleka kwenye kundi la watu wanaoendesha barabara ya Bagamoyo. Siku ya kwanza waliniacha kabla ya Tegeta. Nilishangaa sana. Nilikuwa na miguu ya Sirari, nao walikuwa wafanyakazi wa maofisini wenye vitambi!

Mzee mmoja wa kundi lile akanieleza siri, na vijana naomba mwisikilize, maana watu wengi hutazama mbio za baiskeli wasielewe wanachokitazama. Adui wa mwendesha baiskeli katika njia tambarare ni upepo. Ukishafikia mwendo wa kilomita 35 au 40 kwa saa, sehemu kubwa ya nguvu zako zote inakwenda katika kuusukuma upepo ulioko mbele yako. Anayekaa nyuma ya mwenzake, gurudumu lake la mbele likikaribia la nyuma la mwenzake kwa kiasi cha shubiri mbili, anaokoa kiasi cha theluthi moja ya nguvu. Kwa hiyo watu wanne wanaopokezana kukaa mbele watamshinda mtu mmoja mwenye nguvu kuliko yeyote kati yao. Na kwa hiyo pia timu humchagua mtu mmoja wa kushinda, na wengine wote wanafanya kazi ya kumkinga upepo, kumletea maji, na akipata pancha, kumpa gurudumu. Anayeshinda ni mmoja, lakini walioshinda ni wengi, na majina ya hao wengi hayaandikwi.

Hilo nililielewa vizuri sana. Ningeweza hata kulifundisha. Sasa sikilizeni nilivyolitenda.

Mwaka 2003 nikiwa likizo, nilisikia kwamba kutakuwa na mashindano makubwa Mwanza. Kushindana na watu wa Mwanza na Shinyanga si mchezo, maana Usukumani baiskeli ni kama mguu wa tatu. Mtu anabeba pamba, anabeba mke, anabeba kitanda, na nchi ni tambarare. Nilikwenda kwa mwenzangu kijiweni kwake. Alikuwa amejiunganishia baiskeli ya gia kutokana na vipande alivyonunua kimoja kimoja kutoka upande wa Kenya, fremu mwaka huu, rimu mwaka uliofuata. Zawadi ya kwanza ilikuwa fedha taslimu za kutosha kununua ng'ombe wawili na kubaki na chenji. Yeye alikuwa ameshazipangia kazi: alitaka kujiandikisha kufanya Mtihani wa Maarifa, kisha akafanye mtihani wa Kidato cha Nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Alinionyesha vitabu. Alikuwa amevifunga kwa nailoni.

Tukakubaliana kwamba yeye ndiye wa kushinda. Mimi ningemkinga upepo kuanzia mwanzo mpaka miguu iishe. Nilikuwa na baiskeli ya yule rafiki yangu wa chuo. Usiku ule, katika nyumba ya kulala wageni pale Mwanza, tulifungua gurudumu langu la nyuma tukalijaribu kwenye fremu yake. Liliingia vizuri kabisa. Akasema, "Basi, mura, hapo sina wasiwasi." Chumba alilipa yeye, na kiingilio changu alilipa yeye, kwa sababu mimi nilikuwa mwanafunzi na yeye ndiye aliyekuwa na kazi.

Tulianza saa moja asubuhi, kwa barabara ya Musoma, kupita Kisesa na Magu, kugeuza mbele huko na kurudi mjini. Kwenda kulikuwa rahisi. Nilifanya kazi yangu, na nathubutu kusema niliifanya vizuri. Tulipogeuza tulikuwa tumebaki tisa katika kundi la mbele, na yeye alikuwa anapumua kama mtu aliyeketi barazani. Alikuwa hajaugusa upepo hata mara moja. Wale saba wengine walimjua kwa macho tu, lakini nilianza kuona wanavyomtazama.

Kuelekea adhuhuri upepo wa ziwa huamka na kuvuma kuelekea nchi kavu, kwa hiyo anayerudi Mwanza anakutana nao usoni. Hapo ndipo mashindano yanapoamuliwa. Tulivuka daraja la Simiyu tukiwa pamoja. Muda si mrefu baadaye nikasikia sauti ambayo kila mwendesha baiskeli anaijua, kama nyoka, kisha rimu ikigonga lami. Aliniita jina mara moja. Hakupiga kelele. Aliita kama unavyomwita mtu aliye chumba cha pili.

Niligeuka nikamwona ameshashuka, ameshaanza kulegeza gurudumu la nyuma. Hakuwa na shaka hata kidogo kwamba nakuja.

Ndugu zangu, nimekuwa na miaka zaidi ya 20 ya kuyafikiri yaliyonipita kichwani wakati ule, na ukweli ni kwamba hayakuwa mengi. Niliona tumebaki wanane. Nilijua kwamba zawadi zinatolewa hadi nafasi ya tano. Nilihisi miguu yangu bado ipo. Nikajiambia kwamba atapata msaada kwa gari la nyuma, ingawa nilijua kuwa gari lile lilikuwa mbali na halikuwa na gurudumu la mtu. Nikageuza uso mbele nikakanyaga.

Nilikuwa wa nne. Nilipewa fedha kiasi na redio ya mkononi. Hiyo ndiyo mara yangu ya pili kupanda jukwaani, na ndiyo nafasi kubwa kuliko zote nilizowahi kupata. Yeye aliziba pancha mwenyewe pale kando ya barabara akaja kumaliza, watu wakiwa wameshaanza kukunja turubai. Aliegemeza baiskeli ukutani, akanipa mkono, akasema, "Hongera, mura." Basi.

Jioni nilijaribu kumpa nusu ya fedha. Alihesabu, akatoa kiasi cha chumba na kiingilio alichonilipia, akanirudishia zilizobaki. Kesho yake tulipanda basi moja kurudi Tarime. Alilala njia nzima, au alifumba macho. Mwaka ule hakujiandikisha mtihani, wala uliofuata. Baiskeli aliiuza. Pikipiki za Kichina zilipoingia, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kupata, na mpaka leo ndiyo kazi yake.

Nilipokuwa nimeshaajiriwa ndipo niliposoma habari za Mfaransa mmoja, René Vietto. Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 20, alikuwa katika mbio za kuizunguka Ufaransa na alikuwa akipanda milima kuliko karibu wote. Katika milima ya Pyrenees kiongozi wa timu yake, Antonin Magne, aliharibikiwa gurudumu. Vietto akamtolea lake, akaketi kando ya njia kungoja msaada, akilia. Walimpiga picha. Siku ya pili yake Magne aliharibikiwa tena, naye Vietto, aliyekuwa ametangulia, akageuza baiskeli akaupanda tena mlima alioushuka, ili ampe. Magne akashinda mbio zile, na Vietto akawa wa tano. Habari hii niliisoma usiku, nikaifunga, na kwa muda wa kama mwaka sikugusa baiskeli.

Kuna wengine husema kwamba Vietto alikuwa mjinga. Katika Ufaransa hiyo hiyo, mwaka 2012, Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi, alimaliza wa pili nyuma ya kiongozi wa timu yake Bradley Wiggins, na wengi waliotazama waliona kwamba milimani Froome ndiye mwenye nguvu zaidi. Alingoja, kwa kuwa hayo ndiyo yalikuwa makubaliano. Mwaka uliofuata akashinda yeye, na akashinda tena 2015, 2016 na 2017. Lakini tukiwataja Froome tumtaje pia David Kinjah wa Kikuyu, Mkenya aliyemchukua angali kijana akamfundisha barabara za kule. Nimeona watu wengi wanaomjua wa kwanza na hawajamsikia wa pili.

Na kwa nini namfikiria mwenzangu kila nikisoma habari hizi? Kwa sababu baada ya miaka ile michache mlango ulifunguka kwa watu kama yeye, naye alikuwa ameshauza baiskeli. Mpiga picha mmoja kutoka Singapore, Nicholas Leong, alikwenda Eldoret na Iten akitafuta waendeshaji miongoni mwa watu wa kawaida, wakiwamo wa baiskeli za abiria, yaani watu wa kazi ile ile aliyokuwa akiifanya mwenzangu kati ya hapa na Sirari. Katika timu ile alipita Suleiman Kangangi. Kangangi alikuwa wa tatu katika mbio za kuizunguka Rwanda mwaka 2017, akaendeshea timu ya Wajerumani, kisha akawa nahodha wa Timu Amani, inayowakusanya waendeshaji wa Afrika Mashariki. Timu hiyo ndiyo yenye uhusiano na mashindano ya njia za changarawe yaliyoanza mwaka 2021 upande wa pili wa mpaka, huko Maasai Mara. Mkitoka hapa mkatazama mashariki mnatazama huko. Kangangi alifariki mwezi Agosti 2022, kwa kuanguka katika mashindano jimbo la Vermont, Marekani, akiwa na miaka 33. Waliomjua wanasema zaidi juu ya vijana aliowavuta nyuma yake kuliko juu ya nafasi alizopata.

Rwanda nao walianza mashindano yao mwaka 1988, yakaingia katika kalenda ya kimataifa mwaka 2009. Mwaka 2012 kijana wao Adrien Niyonshuti, wa baiskeli za milimani, alibeba bendera ya nchi kwenye Olimpiki ya London. Mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu katika mbio za Ufaransa na kuondoka na jezi ya kijani. Mimi nilipoanza, mtu angesema hayo tungemwambia akalale.

Huku kwetu, kama mtumishi wa umma, nimeendesha kwenye michezo ya SHIMIWI na ya Mei Mosi. Kwenye timu za ofisi mimi ndiye wa maji na wa upepo. Mara mbili nimeshuka nikatoa gurudumu, na mara ya pili ilikuwa kwa kijana wa masjala ambaye hata hakuwa na nafasi ya kushinda. Wenzangu walicheka. Sikuwaeleza. Sisemi haya ili mnione mwema, maana nilikuwa namlipa mtu ambaye hanidai.

Tarehe 28 Septemba mwaka 2025, siku ya Jumapili, nilikuwa nyumbani Tarime kwa shughuli ya familia. Siku hiyo wanaume walikuwa wakishindania ubingwa wa dunia mjini Kigali, mara ya kwanza mashindano hayo kufanyika Afrika. Nilikwenda kijiweni kwa mwenzangu na simu yangu. Tukaketi juu ya pikipiki yake tukatazama, vijana wa bodaboda wamejazana mabegani mwetu. Kilomita 267.5, mlima juu ya mlima. Alishinda Tadej Pogačar wa Slovenia, na kati ya wote walioanza, waliomaliza walikuwa 30 tu. Vijana wakawa wanabishana kuhusu uzito wa baiskeli na bei yake. Mwenzangu alikuwa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Hao thelathini wote walikuwa na mtu wa kuwapa maji."

Hapo nikamwuliza. Katika miaka 22 sikuwa nimemwuliza. Nikasema, "Siku ile ya Simiyu, ungekuwa wewe mbele na mimi nyuma, ungesimama?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina la baba yake. "Ningesimama," akasema. Nikamwambia kwamba nilikosa, na kwamba namwomba anisamehe. Akasema ameshasikia. Akaja abiria wa kwenda hospitali, akapiga kiki akaondoka. Nilibaki na simu yangu na vijana wale, wakitaka kuangalia marudio.

Ndugu Mwenyekiti, sasa naifikia hoja iliyonifanya nikubali kusimama hapa. Katiba ya Umoja wetu inasema kwamba mwanachama ni "aliyehitimu" katika shule hii. Nimekaa nikahesabu wale tulioanza nao Kidato cha Kwanza mwaka 1995 ambao hawakuhitimu, nikapata kumi na mmoja, na nadhani wapo niliowasahau. Wengine walikosa ada, mmoja aliugua, wawili walifiwa. Tangu Januari 2016 serikali imeondoa ada hadi Kidato cha Nne, na tangu mwaka wa masomo 2022/2023 hadi cha Sita, kwa hiyo ninyi vijana hamtapungua kwa sababu ile iliyowapunguza wenzetu. Lakini wao walishapungua. Walilala kwenye vitanda hivi, walikula ugali huu, walichapwa kwa makosa tuliyofanya pamoja. Wakifiwa, mfuko wetu wa rambirambi hauwahusu. Watoto wao wakikwama, mfuko wetu wa masomo hauwahusu, wakati watoto wangu mimi, mwenye mshahara wa serikali, wanahusika.

Napendekeza neno "aliyehitimu" liondolewe, liwekwe "aliyesoma". Ni neno moja. Nafahamu hoja za wanaopinga. Watasema kwamba tutafungua mlango kwa kila aliyefukuzwa kwa utovu wa nidhamu, na kwamba michango haitoshi hata sasa. La kwanza linaweza kuwekewa sharti. La pili Ndugu Mweka Hazina atalisema vizuri kuliko mimi. Nami natangaza mapema, kama tunavyotakiwa kazini, kwamba ninayo maslahi katika jambo hili: mwenzangu ana mtoto sekondari, na sitasema ni shule gani.

Nilimwalika aje leo awe mgeni wangu. Alisema Jumamosi ni siku ya gulio na abiria ni wengi, lakini kazi ikipungua atapita saa kumi. Hoja yangu nimeiandika na kumkabidhi Katibu. Ni namba 7 katika ajenda ya mchana, baada ya taarifa ya fedha. Akidi ya kubadili Katiba ni theluthi mbili ya waliohudhuria asubuhi, na mwaka jana baada ya pilau tulibaki wachache mno. Kwa hiyo nawaomba wanaoniunga mkono, na wanaonipinga pia, wasiondoke baada ya chakula.